Anayeogopa Giza

Shoga, uko? Usipige, siwezi kuongea. Soma tu.

Leo si nimewaita wanangu na wakwe zangu, nikawauliza, nikifa nani ataishi na ndugu yao Bosi? Mtu mzima sasa, ndevu zote zile, lakini ulemavu wake wa akili unaujua. Hata kule kazini kwa dobi anapiga pasi akiangaliwa.

Wakaanza kumgombania! Dada yake: nitamchukua mimi. Kaka yake: kwako watoto watamcheka, aje kwangu. Nikawaambia, popote atakapokwenda mumwachie taa, anaogopa giza.

Bosi akaweka kikombe chini. "Siendi kwa mtu. Nahamia chumba cha nyuma kwa dobi, na yule mwenzangu wa kupiga pasi. Dobi mwenyewe analala mlango wa pili. Ameshakubali."

Ameshakubali! Mimi ndiyo kwanza nasikia!

Halafu akasema, "Na giza siogopi. Mama ndiye anaogopa, tangu baba afe. Mimi namwashia taa."

Mbele ya wakwe, shoga. Mbele ya wakwe! Nilitamani ardhi ipasuke.

Akawageukia ndugu zake: "Mama ataishi na nani?"

Wale wale waliokuwa wanamgombania yeye, mmoja akazama kwenye simu, mwingine akaanza kukusanya vikombe.

Wameondoka wote, Bosi amewapeleka wakaone chumba chake.

Mimi niko jikoni. Jua bado kali nje, na nimeshawasha taa zote.