Betri ya Moyo na Kiti cha Sumaku

Mpendwa Bi Mbeyu,

Pokea salamu zangu, nawe naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimejaa hasira mpaka chakula hakipiti. Mimi ni mke wa mtu hapa Msambweni, nina betri ya moyo, yaani kile kifaa ambacho madaktari hukipandikiza chini ya ngozi karibu na mtulinga ili kiuamshe moyo unapozembea, niliwekewa kabla sijaolewa kwa sababu nilikuwa nikizimia, na mume wangu Alfani anajua, lakini wakati wa posa mama yangu mzazi alitukalisha sote wawili akasema jambo hili lisifike kwa wakwe, watasema mwana wao ameozwa mgonjwa, nasi tukaitikia, na mpaka leo mavyaa wangu, mama yake Alfani, hajaambiwa.

Mwaka jana nilijifungua mtoto ambaye hakuwa hai. Mavyaa alinikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi arubaini nzima, kama anavyokandwa mzazi yeyote, nami nikijibana kanga upande wa kushoto asione, alinitunza na sina la kumlaumu, lakini arubaini ilipokwisha mimi sikuinuka, sikutaka kupika wala kuoga wala kuamkiana na watu, daktari akasema ni sonona, akanipa dawa, nikazimeza kidogo nikaziacha. Basi mavyaa akasikia kuna kliniki ya binafsi huko Diani yenye mashine ya sumaku, unakalishwa kitini, inagonga juu ya kichwa, na huzuni inapungua, akanipeleka yeye mwenyewe, na pale kaunta karani mmoja, Japheth jina lake, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri, "Mama, uko na chuma yoyote kwa mwili? Pini, ama kitu kama hiyo?" Kabla sijafungua kinywa mavyaa akadakia, "Chuma cha nini, mwanangu? Huyu ni mzima, ana majonzi tu." Karani akatia alama akaendelea na swali jingine, kisha akatuandikia tuanze Jumatatu.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Alfani, naye akaniambia, "Sumaku ni ya kichwa, betri iko kifuani, wapi na wapi? Nyamaza upone." Bi Mbeyu, inaniuma. Kwa nini mtu aulizwe siri ya mwili wake kama anayeitwa mnadani, na kwa nini mume wangu amwogope mama yake kuliko anavyoogopa kunizika? Nikisema, nyumba itaingia maneno, na nikinyamaza, Jumatatu nakaa kwenye kile kiti. Nifanyeje?

Mwenye betri, Msambweni


Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda. Jumatatu hukai kwenye kile kiti. Mengine tutayazungumza hilo likiwa limekwisha kueleweka.

Hiyo kliniki imenikera kuliko wote. Mashine ile hutoa mapigo ya sumaku yenye nguvu, na vifaa vya umeme vilivyomo mwilini vyaweza kuvurugwa nayo, hasa vilivyo kichwani, kama vile vya kusikilizia. Ndiyo maana mgonjwa huulizwa, na swali lile si la kupitisha muda. Kuuliza kwa sauti kaunta kama mtu anayeuliza nani anataka chai ya maziwa, kisha kupokea jibu la mtu mwingine, huko si kuuliza. Mgonjwa huulizwa faraghani, akajibu kwa kinywa chake, na akiwa na kifaa, daktari wake wa moyo hutafutwa kabla mashine haijawashwa. Wasioweza kumtafutia mgonjwa chumba chenye mlango wasijitie kutibu vichwa vya watu.

Nawe Alfani, najua mkeo atakusomea haya. Ni kweli kifua si kichwa, na umbali huo madaktari wenyewe huutazama. Lakini wao huupima, wewe umeukisia. Mkaa ukinunua unataka upimiwe mbele ya macho yako, moyo wa mkeo ndio wa kukisia? Aibu iliyoje.

Wewe nawe, mwanangu, nakuhurumia, najua sonona humnyang'anya mtu hata nguvu za kusema la. Hata hivyo ulikuwa na njia nzima ya kurudi kutoka Diani na ulimi wako ulikuwa nao. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chenyewe kingekuwa chako.

Kesho asubuhi pigia kliniki simu, wewe, si Alfani, useme una kifaa cha moyo na hutaguswa mpaka daktari wa moyo aseme. Kisha nenda kwa wanaokuangalia hiyo betri, uchukue na kadi yake, uwaombe wazungumze na daktari wa sonona. Mimi si daktari. Huenda wakasema yawezekana chini ya uangalizi, huenda wakakataa kabisa. Wakikataa, usidhani umefungiwa kila mlango, dawa zipo na mazungumzo na mtaalamu yapo. Zile ulizoziacha usizirudie kwa kubahatisha, rudi kwa aliyekuandikia umwambie uliziacha. Na siku mawazo ya kufa yakikujia, usiningoje mimi wala Jumatatu, mwambie aliye karibu nawe akupeleke hospitali saa ileile.

Sasa mavyaa. Mimi nimekandwa, na nimewakanda wazazi wengi. Mkono wa mkandaji huanza shingoni, ukashuka begani, ukapita kwapani, ukarudi kifuani, na kanga haiuzuii. Arubaini nzima, kila siku, nawe unafikiri hajagusa kitu kigumu chini ya ngozi yako? Amekigusa, mwanangu. Alikunyamazia kwa stara, akingoja umwambie mwenyewe. Na pale kaunta hakudakia kwa ujuaji. Alikuwa akikufunika mbele za watu, kwa vile alikuona unavyojifunika. La sumaku hajui, hakuna aliyemweleza. Mmekuwa watatu katika nyumba moja, kila mmoja akiwafichia wenzake jambo wanalolijua, na heshima hiyo ndiyo iliyotaka kukukalisha kwenye kile kiti.

Leo baada ya sala ya alasiri mwamkie, ukae karibu naye. Usitafute maneno mengi. Chukua mkono wake, uuweke hapo chini ya mtulinga, umwambie, "Mama, chuma alichoniuliza yule karani ni hiki." Hatashtuka. Mkono wake unapajua.

Bi Mbeyu