Kwetu Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Shituru, Likasi, tarehe 3 Februari 2025

Kwako baba,

Yambo sana. Sisi hapa tu wazima, ni mgongo wa mama tu unaomsumbua, na mvua yenyewe haijakata. Samaki uliompa dereva Mansour walifika, nusu wamekwenda kwa jirani, Mama Adrienne, kama kawaida. Wewe je? Kikohozi kimeisha? Bado unavuta magugu kwenye vyuma vya kuchujia maji ya bwawa kwa mikono, au wameleta ile mashine waliyoahidi?

Baba, kaa chini kwanza, maana najua barua unazisoma umesimama mlangoni.

Nimepeleka dosie polisi, naomba kazi. Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu. Nimepeleka diplome d'État, picha, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya komini inayosema mimi ni mtu wa mwenendo mzuri. Wakanipima urefu. Yule kijana akasema nimefika kwa sababu ya nywele, nikamwambia azikandamize apime tena. Akazikandamiza. Nimefika.

Baada ya dosie ni mbio, kisha mtihani wa kuandika, kisha daktari, kisha enquête, yaani wanakuja mtaani kuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Ukipita hapo, unaitwa shule ya polisi Lubumbashi.

Utauliza kwa nini. Unakumbuka siku ile barabara ya Kambove, mimi mdogo nimekaa juu ya gunia la makala ya kupikia, wewe unasukuma baiskeli? Wale polisi wa barieri, waliofunga njia, walichukua baiskeli na makala pamoja. Wewe uliwatazama wanaume. Mimi nilimtazama mwanamke mmoja aliyekuwa kati yao, amevaa uniforme. Alijua wanakosea. Nilimwona anajua. Kisha akageuza uso. Tangu siku ile nataka kusimama pale aliposimama yeye, nisigeuze uso. Basi.

Mtoto wako,
Jaël

*

Mwadingusha, tarehe 16 Februari 2025

Kwako Jaël,

Yambo. Mimi ni mzima. Kikohozi kilikuwa kimeisha, barua yako imekirudisha. Mashine haijaja. Msalimie mama yako, aache kubeba ndoo mbili kwa mpigo.

Barua nimeisoma nimesimama. Kukaa nilikaa baadaye.

Wewe unakumbuka barieri. Hukumbuki kesho yake, maana nilikuficha. Nilikwenda ofisini kwao kuuliza baiskeli yangu, kwa adabu, na kofia mkononi. Wakaniambia, "Papa, kaa hapa." Nikakaa. Nililala palepale, nyuma ya vyuma, na mama yako anazunguka hospitali akinitafuta. Nilipotoka niliapa mguu wangu hautakanyaga tena ofisi ya polisi, hata niitiwe kuchukua zawadi.

Ndipo nilipoweka ile sheria ya nyumba. Mwenye uniforme akija kuuliza mtu, jibu ni moja: hatumjui. Mama yako anaishika. Adrienne anaishika, hata mzee Firmin asiyesikia vizuri anaishika. Avenyu nzima, nyumba kwa nyumba, niliifundisha mimi, na imetulinda miaka yote hii. Leo mtoto wangu mwenyewe anataka kuwa yule anayebisha hodi!

Hapa kazini hakuna anayejua jina langu la ubatizo. Kutoka kwa mpishi mpaka injinia, wote wananiita Baba Jaël, nami nalipenda jina hilo kuliko kofia yangu mpya. Sitaki livae kofia ya polisi. Kaondoe dosie. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, nasi hata Idi hatusherehekei.

Baba Jaël

*

Shituru, tarehe 10 Machi 2025

Kwako baba,

Yambo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kikohozi hakitazidi ukiisoma. Mama anakusalimu, bado anabeba ndoo mbili. Anasema njoo umzuie.

Dosie sikuiondoa.

Mbio tulikimbia asubuhi, matope mpaka kwenye vifundo. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Kambove, amevaa viatu vyeupe vya bei, anacheka raba zangu nilizozishona kwa waya. Anauliza, "Weye mwanamuke, unafuata nini huku? Enda ukakaange vitumbua." Nikamjibu, "Nimeshakaanga. Nimeuza. Njo nimekuja." Tulipofika kona ya mwisho viatu vyeupe vimebaki kwenye tope, mwenyewe anakuja na soksi, nami nilikuwa nimeshafika nakunywa maji.

Mtihani wa kuandika ulikuwa dictée, yaani kuandika unachosomewa, na maswali. Waliuliza: ukimkuta mkubwa wako anachukua mali ya raia, utafanya nini? Watu walitafuna kalamu. Mimi niliandika ukurasa mzima na karatasi ikanipungukia. Nimepita. Kwa daktari pia nimepita. Meno, macho, moyo, vyote anasema ni vya kazi.

Umeniambia habari ya kulala nyuma ya vyuma. Sikuijua, baba, na nililia. Lakini machozi yalipokauka nilikuwa na hasira zaidi, na hasira hiyo haikunirudisha nyuma. Polisi wabaya hawataisha kwa sisi kujificha kwenye parcelle zetu, nyuma ya ua. Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga.

Imebaki enquête. Niombee, au nyamaza. Vyote viwili nitavipokea.

Mtoto wako,
Jaël

*

Mwadingusha, tarehe 30 Machi 2025

Jaël,

Yambo. Mimi ni mzima.

Umechagua. Sitakuombea na sitanyamaza. Nimewaambia watu wa hapa kwamba kuanzia leo jina langu ni Lambert, na anayeniita kwa jina lingine sitageuka.

Lambert

*

Shituru, tarehe 2 Mei 2025

Kwako baba,

Yambo. Hata ukijiita Lambert, mimi nakuandikia wewe baba, kwa sababu Lambert simjui. Tu wazima. Barua yako ilifika bila samaki. Mama hakusema neno kuhusu jina, lakini kuhusu samaki alisema mengi.

Nakuletea habari, nawe una sehemu yako humo.

Watu wa enquête walikuja siku nilipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Walikuwa wawili, wamevaa nguo za kiraia, lakini viatu vyao vilikuwa vya polisi na avenyu nzima iliviona. Walianza kwa Mama Adrienne, pale kwenye meza yake ya mboga. "Mama, unamujua Jaël?" Adrienne akawaambia, "Ile ni jina ya muntu ao ya dawa?" Wakaenda kwa mzee Firmin, naye siku hiyo akasikia vizuri sana. Akasema, "Kulikuwa Jaël moja. Alikufa." Na akafanya ishara ya msalaba, baba! Akanizika akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Wakafika kwetu. Mama yuko kwenye mafuta anakaanga. "Mama, Jaël iko hapa?" Mama akajibu, "Minye sina mutoto mwanamuke. Niko na bwana tu, na yeye haiko."

Niliporudi alinikumbatia. Anafurahi. "Bapolisi balikuja kukukamata. Nimekuokoa!" Nilikuwa nimemweleza habari ya enquête, lakini alidhani watatangulia kwa shefu wa avenyu, kama watu wa chanjo. Hakujua kuna polisi anayekuja kuulizia wema wa mtu. Nani angejua? Hatujawahi kumwona.

Kwenye dosie yangu sasa imeandikwa kwamba sijulikani kwenye anwani niliyotoa. Nilipokwenda, mkuu wa enquête alinitazama kama mwizi. "Weye, kwa kweli, unaishi wapi?" Nilikimbia kwenye matope, nikaandika ukurasa mzima, nikafungua mdomo kwa daktari, halafu naangushwa na watu wanaonipenda. Nilicheka barabarani peke yangu mpaka watu wakanipisha. Kisha nikakaa kando ya reli nikalia.

Amesema hivi: majirani waje wenyewe waseme wananijua, na mzazi aje aseme mimi ni mtoto wake. Dosie zinaondoka kwenda Lubumbashi baada ya Pentekoste. Yangu isipokamilika inabaki.

Sikuombi, baba. Nakuarifu. Sheria ni yako, imefanya kazi vizuri.

Mtoto wako,
Jaël

*

Shituru, tarehe 18 Mei 2025

Kwako baba,

Yambo. Mansour anasema alikukabidhi barua mkononi, na kwamba uliisoma ukasimama muda mrefu, kisha ukarudi kwenye magugu. Basi najua u mzima.

Majirani wamekwenda. Niliwapitia nyumba kwa nyumba, na wengi walikataa. Kuingia polisi kwa miguu yako mwenyewe? Ndipo Mama Adrienne alipofunika mboga zake kwa gunia, akasimama katikati ya barabara akapiga kelele: "Minye njo nilisema simujue. Minye njo nitaenda kusema namujua. Nani anabakia, abakie na haya yake!" Wakatoka. Tulipofika pale tulikuwa wengi mpaka mlinzi wa zamu mlangoni akadhani ni maandamano, akafunga lango. Ikabidi nimweleze kupitia kwenye vyuma kwamba wamekuja kunisifu.

Walisema wote. Mzee Firmin aliulizwa, "Papa, si ulisema alikufa?" Akajibu, "Amefufuka. Ilikuwa Pasaka." Hata mkuu akacheka.

Lakini ushuhuda wa mama wameukataa. Mkuu alimtambua. "Mama, si weye njo ulisema hauna mutoto? Leo umemupata wapi?" Tangu siku hiyo mama hakaangi. Anasema alinikana kwa mdomo wake mwenyewe. Namwambia alinikana kwa upendo, hanisikii.

Wanamtaka baba. Nilisema baba yuko mbali. Wakauliza kama anajua nilichoomba. Nikasema anajua. Wakauliza kama anakubali. Nikasema hapana. Sikudanganya, baba. Siwezi kuanza kazi hiyo kwa uongo.

Usipokuja dosie itabaki, nami nitaomba tena mwaka ujao, na ule wa mbele yake. Raba nitazishona upya. Nitaomba mpaka wanizoee mlangoni. Ila nakukumbuka, na jina lako la zamani nalikumbuka zaidi. Linaniuma. Nilidhani ni langu pia.

Mtoto wako, utake usitake,
Jaël

*

Mwadingusha, tarehe 4 Juni 2025

Kwako Jaël, mwanangu,

Yambo sana, wewe na mama yako. Mimi ni mzima, miguu tu inauma kwa ajili ya gari la Mansour, ambalo viti vyake ni mbao na spidi yake ni maombi. Mwambie mama yako akaange. Aliyemfundisha kukana ni mimi, na dhambi yake naibeba mimi.

Nilikuja Likasi Jumatatu. Sikupita nyumbani kwa sababu mbili: Mansour alikuwa anageuza siku hiyohiyo, na bado nilikuwa na hasira. Hata sasa ninayo. Usifikiri imeisha.

Nilisimama ng'ambo ya barabara nikiitazama ile ofisi. Wameipaka rangi mpya. Niliogopa, mwanangu. Nakwambia wazi. Kisha nikakumbuka jinsi ulivyowajibu kwamba baba hakubali, na wewe unamhitaji. Nikavuka.

Kijana wa mlangoni akasema, "Papa, kaa hapa." Nikamwambia, "Hapa sikai." Maneno yangu yote niliyasema nimesimama, na kofia kichwani.

Mkuu wako akachukua kalamu. "Jina?"

"Baba Jaël."

"Hapana, papa. Jina ya kwenye karte."

"Ile ya karte utaiona kwenye karte. Weye umeniuliza jina. Andika: Baba Jaël."

Akanitazama. Akaandika.

"Unamujua huyu mutoto?"

"Namujua."

"Iko muntu wa namna gani?"

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha maneno ya kanisani, mtiifu, mpole, na mengine. Hayakutoka. Nikamwambia, "Iko na kichwa nguvu. Nilimukataza, hakusikia. Nilimunyima jina, hakusikia. Mukimuambia ageuze uso, hatageuza, hata kama ni weye mukubwa wake njo uko unaiba. Kama muntu wa vile hamumutaki, munirudishie dosie yake sasa hivi, nitoke nayo. Kama munamutaka, andika, nitie sahihi."

Wale wa meza nyingine waliacha kuandika. Mkuu akachezea kofia yake mezani. Kisha akaandika, polepole, akageuza karatasi upande wangu. Nikasoma kila neno, maana siku hizi sisaini nisichosoma. Nikatia sahihi. Akasema dosie itaondoka pamoja na zingine. Nikatoka.

Hapa bwawani injinia ameniita leo asubuhi, "Lambert!" Sikugeuka. Akaita tena. Nikaendelea kuvuta magugu yangu. Mpishi ndiye aliyemweleza.

Samaki ni wengi safari hii. Wagawie majirani wote, na Firmin mpe yule mkubwa, kwa kazi ya kukufufua.

Na sheria ya nyumba naibadilisha kidogo, itangaze avenyu nzima. Mwenye uniforme akibisha hodi, mtazameni kwanza usoni. Kama ni Jaël, mpeni bukari ale. Kama si yeye, hatumjui mtu.

Baba Jaël