Siku Hukumu Ilipofika Zizini

Kabungu,
Mpanda.
12 Agosti, 1976

Kaka yangu mpendwa Gelasius,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto nyie wote ni wazima huko Karema, na ile homa iliyokusumbua Pasaka imekwisha. Sisi huku miili ni mizima. Zaidi ya hapo sina jema la kukuandikia.

Najua umesikia kwamba Baba alimshtaki mume wangu. Ng'ombe wa Manyanda waliingia shamba la mpunga la Baba, mpunga ukiwa umeanza kuiva, wakaumaliza. Mama alisihi yamalizwe nyumbani, na Baba alikuwa tayari. Lakini Manyanda alimjibu kwamba mzee aliyekwisha kula mahari ya ng'ombe wake asimsumbue kwa ajili ya majani. Neno hilo ndilo lililompeleka Baba Mahakama ya Mwanzo. Akashinda.

Hakimu alimwamuru Manyanda alipe fidia, akampa muda, akamweleza pia kwamba asiporidhika akate rufaa mapema. Hakulipa, wala hakukata rufaa. Alirudi anacheka, eti hukumu ni maneno tu, haina mikono. Nikamwomba aende akaombe kulipa kidogo kidogo. Akaniuliza mimi ni mke wa nani.

Muda ulipopita, Baba akaiomba mahakama ikaze hukumu, mali ikamatwe. Jumanne iliyopita tarishi wa mahakama akaja na mwenyekiti wa kijiji, ana karatasi yenye mhuri ya kukamata ng'ombe. Zizi lilikuwa tupu. Manyanda alikuwa amepata fununu, akawaswaga alfajiri yeye na mdogo wake Nkwabi hadi kwa binamu yao bondeni. Tarishi hakufoka. Alisema sufuria na matandiko hatagusa, sheria inakataza, ila anayeficha mali iliyoamriwa kukamatwa atakwenda jela, na kesho yake angerudi na polisi. Manyanda akatoa kifua mbele: "Nifungeni!"

Hawakumfunga. Jioni ile ile walikwenda moja kwa moja bondeni wakawakamata ng'ombe, na juzi wamepigwa mnada. Hata yule dume mweusi aliyekuwa akimwita kwa jina.

Siri ile, mbali na binamu ambaye hakutoka bondeni, waliijua watu wawili tu, ndivyo Manyanda anavyoamini. Kwa hiyo amemfukuza Nkwabi, pamoja na mkewe Minza aliye mjamzito. Nkwabi aliapa mpaka akalia, mwanaume mzima, mbele ya majirani. Sasa wanalala Makanyagio kwa watu baki.

Kaka, ni mimi niliyesema. Niliwasikia wakinong'ona nyuma ya ukuta, na tarishi alipoondoka nikamkimbilia njiani, nikamwonyesha upande wa bonde. Niliona mume wangu atakwenda jela huku anacheka. Sikufanya kwa ajili ya Baba, lakini nani ataniamini, mimi binti wa aliyeshinda? Nkwabi alipokuwa akifunga mzigo wake nilisimama mlangoni, mdomo ukanigoma.

Barua hii nikishamkabidhi katekista anayekuja huko, narudi nyumbani kumwambia Manyanda. Akinifukuza, kwa Baba siendi. Sitaki watu waseme hukumu imemrudishia na binti. Nitakuja kwako. Mwambie wifi anitengee mahali pa kulala, hata jikoni.

Wasalimie watoto, na shangazi ukimwona. Mniombee.

Mimi mdogo wako,
Bernadetha