Neno Éphraïm Alisema Mbele ya Filme

Butembo, kisha misa

Mudogo wangu Josaphat,

Kristu akulinde wewe na jamaa yote ya kule Mulekera. Mugongo yako inaendelea namna gani? Sisi tuko wazima, viazi vya Musienene vimejaa soko.

Ulinitumia muchumba wa binti yako Élodie, mimi shangazi nimuone mbele upokee mbuzi ya mahari. Éphraïm alifika, ana heshima, aliomba mbele ya kula. Kisha binti yangu Victorine akawasha filme, zile mupya za kukatana-katana na panga. Mimi hapana kuzipenda. Damu inaruka mupaka ku plafond, kule juu ya nyumba, na mutu amekatwa mukono anaendelea kutoa discours! Nikasema, "Hawa batu bametumia tomate."

Tulicheka. Éphraïm hakucheka. Alisema polepole: "Shangazi, damu ya kweli inakuwa nyeusi mbio. Na mutu hapana kulia vile. Ananyamaza."

Victorine akamutania: "We docteur, ulisomea wapi hiyo?"

"Kwetu Kasugho," alijibu, akaangalia chini. Chai yake hakuimaliza.

Donc, Josaphat, ninaomba rozari lakini roho haitulii. Unajua namna batu banakufa na panga huku kwetu. Pengine huyu kijana alizika batu yake. Pengine ni ile ingine, ya mwenye kushika panga, na sitaki kuiandika zaidi.

Usipokee mbuzi kwanza. Tuma mutu Kasugho aulize juu ya jamaa yake, na wewe umuulize mwenyewe kwa upole, maana kama ni matanga anabeba, tutakuwa tumemukosea sana. Unijibu mbio, tafazali.

Dada yako mukubwa,
Kanyere