Safu ya Saba

Jumatatu, 1 Machi 1999
Vikwazo vya biashara vimeondolewa tangu Januari na Bujumbura imeshikwa na wazimu wa magari. Leo zimeshushwa Toyota kumi na moja uwanjani kwetu kazini, zote za Dubai, zote nyeupe. Usukani kulia! Sisi huku tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori amuulize abiria wake kama njia ni nyeupe. Wanunuzi hawajali. Wanachojali ni nailoni ya viti. Haitolewi, hata ikiwaunguza mapaja, maana ikitolewa majirani watasema gari ni kuukuu. Ni kuukuu! Mi ndiye ninayepiga taipu makaratasi yake, najua imetengenezwa mwaka gani.

Djibril mume wangu anasema nina kinyongo kwa sababu tunatembea kwa miguu. Si kweli. Hata ningekuwa na gari ningesema hivyohivyo.

Jumatano, 3 Machi
Odinateri imefika, kompyuta yenyewe. Patroni, bosi wetu Bwana Régis, ameiweka mezani kwangu na mashine yangu ya taipu imepelekwa stoo. Miaka ishirini na miwili! Hata kwaheri hakuna. Danielle wa mapokezi ameifumia odinateri kitambaa cha maua, inafunikwa kama redio ya bibi harusi. Amekuja fundi wa kunifundisha, kijuujuu, siku moja.

Wanasema ina akili. Nimeiandikia jina langu, ikalipigia mstari mwekundu. Assia binti Yahaya, mzaliwa wa mtaa wa Jabe, naambiwa na kisanduku kwamba nimekosea kuwa Assia! Wacha we.

Kitu kimoja nimekipenda, nakiri. Ukichora jedwali, unaandika neno mara moja juu, unalivuta kwa kile kipanya mpaka chini, safu yote inajaa. Neno lilelile. Kazi ya asubuhi nzima, kufumba na kufumbua.

Patroni amekataza mtu mwingine asiiguse. Atakayejua ni mi peke yangu.

Jumatatu, 8 Machi
Patroni ameingia na mgeni. Miwani myeusi, hakutaja jina, hakukaa. Wanataka orodha ya wafanyakazi wote thelathini na mmoja, patroni akiwemo, safu saba. Namba, jina, kazi, mwaka wa kuajiriwa, komini au wilaya ya kuzaliwa, jina la baba. Ya saba: kabila.

Nimeuliza ya nini. Patroni akatazama viatu vyake. Ni utaratibu tu, anasema.

Utaratibu naujua. Mwaka wa tisini na tano bohari moja mjini iliandika orodha kama hiyo. Wiki iliyofuata watu walisubiriwa getini. Wanne hawakurudi kazini, na viti vyao vikapewa wengine.

Safu sita nimejaza. Ya saba iko wazi. Nimesema mashine imegoma. Naogopa, sikatai.

Jumanne, 9 Machi
Patroni ameniamuru nipite kwa kila mtu nikaulize. Gélase dereva, kwa lugha yake: “Andika dereva.” Nikamwambia hiyo ni safu ya tatu. “Basi andika mara mbili.”

Danielle amelia. Kaka yake aliuawa njia ya Kanyosha, kila mtu hapa anajua.
“Mi nataka niandikwe, Mama Hamimu. Nisipoandikwa watanidhania ni wa wale wengine.”
Nikamfokea. Kisha nikaona haya. Ningekuwa nimemzika mwanangu Hamimu, ningesema nini?

Na mi? Babu alitoka Ujiji, bibi Mmanyema, baba alizaliwa hapa. Kwenye makaratasi wanatuandika “Mswahili” na yanaisha. Wakati wa vurugu za tisini na tatu walikimbilia kwa mama yangu watu wa pande zote mbili. Mama aliwalaza chumba kimoja akawakataza kuulizana. Aliyeuliza alinyimwa ugali! Nilimwona mwanamume mzima akiomba radhi kwa sababu ya ugali.

Jumatano, 10 Machi
Nimefanya.

Orodha inapangwa kwa alfabeti, mi ni wa kwanza. Safu ya saba, mstari wangu: Mswahili. Haki kabisa, hakuna uongo. Halafu nikashika kipanya nikavuta mpaka chini.

Thelathini na mmoja! Walinzi, mafundi, Odette wa usafi. Régis mwenyewe Mswahili, yeye wa Mutanga Sud kwa matajiri, anayekula kwa uma mpaka embe! Nilicheka peke yangu hadi nikajiziba mdomo. Nikachapisha, nikaweka mezani kwake.

Kabla ya kutoka nimewaambia wote nilichoandika. Wakiulizwa, kila mtu na jibu lake, sitamlaumu mtu. Danielle alichukua mkoba akaondoka bila kuaga.

Maji nimeshayavulia nguo.

Ijumaa, 12 Machi
Naandikia kwenye benchi la veranda. Mgeni amesoma karatasi. Hakucheka. Patroni jasho linamtoka: “Mama Hamimu, umefanya nini?”
“Nimejaza, patroni. Mulisema isibaki wazi.”
“Rekebisha.”
“Apana.”
Sijui hilo apana lilitoka wapi. Lilitoka kubwa.

Mgeni akavuta kiti, akatoa kalamu. Basi waitwe mmoja mmoja, waseme kwa mdomo wao. Mlango wameuacha wazi ili tulio nje tusikie na tuogope. Tunasikia.

Gélase alitangulia. Gélase hajui Kiswahili hata cha kuombea maji! Sauti ikafika mpaka getini: “Mi muswahili, mukubwa. Kabisa!”
Mgeni akamuuliza mara mbili. Mara mbili jibu lilelile.

Odette akafuata, rozari shingoni. Akafanya ishara ya msalaba, akaingia. “Muswahili.” Yarabi, nampenda mwanamke huyu!

Wamekwenda tisa. Tisa Waswahili. Kalamu inaandika kwa hasira, naisikia ikikwaruza.

Sasa ni Danielle. Amesimama mbele ya meza, mkoba kaukumbatia kifuani. Ameulizwa. Amegeuka ananitazama kupitia mlangoni. Mi sitikisi kichwa, sikonyezi, namtazama tu mtoto wa watu.

Mgeni anarudia swali, taratibu, kwa sauti ya upole sana. Danielle amefungua mdomo. Lolote atakalosema, sitamlaumu.