Kofia ya Mtoto wa Jirani

Bertrams, Johannesburg
24 Desemba 2017

Baba Arlène,

Sisi wazima, ingawa hukuuliza. Krismasi huku ni jua kali, nami nimepakata sufu nikifuma kama mwendawazimu kwa sababu wewe huko Montreal unaganda. Mwanaume mzima unashindwa kununua skafu! Binti yako anacheka: "Eish, Mama, kule hakuna maduka?"

Skafu yako hii hapa. Ile kofia ndogo uliyoagiza, ya mtoto wa jirani yako, hukunipa kipimo. Nimeifuma kwa kipimo cha Arlène alipokuwa mchanga: pana mbele, kwa ajili ya lile paji la uso la ukoo wenu, ambalo sijawahi kuliona kwa watu wengine.

Ikimkaa sawasawa, baki hukohuko kwa jirani.

Marthe