Siku Tuliyokataa Dawa za Minyoo

Zuhura mjukuu wangu, marahaba! Huku Mkuyuni mimi bado bibi harusi tangu niolewe uzeeni huu, natabasamu hata nikimenya mihogo. Lakini hilo uliloniandikia, la kuogopa kuchekwa na wenzako ukikataa bangi, nimelifikiria sana.

Nilipokuwa mdogo kama wewe, wageni walikuja shuleni kutuonya kuhusu dawa za kulevya. "Kataeni dawa!" Kesho yake muuguzi akaleta vidonge vya minyoo.

"Fungua mdomo, wewe!"

"Tumeambiwa tukatae," akajibu mvulana mmoja, akaufunga.

Darasa zima likafunga midomo. Muuguzi alicheka hadi machozi, lakini hatukuona aibu. Mmoja tu, na sote tukamfuata!

Huenda na wenzako wanamsubiri wa kwanza kukataa.

Mvulana yule ndiye mume wangu sasa. Tutakuja huko kwenu Gairo kabla mwezi haujaisha, umwone. Mdomo ni ule ule, jamani, mzuri!